Kitambaa Kile Nani Alikiokota?

Kwenye kijiwe chetu cha kusomeana hadithi hapa Dodoma imepita moja inayomhusu binti wa Kimennonite. Jina lake na la mwandishi nayaweka kapuni. Binti katoka Musoma kumfuata kaka yake, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku baada ya 2016. Anasuka nywele Makole, mzee wa kanisa anamjia juu, naye anakitupa kitambaa cha kichwani vumbini na kupanda basi la Dar. Mwisho. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Siwatetei wazee, jamani. Kinachonikera ni kwamba mwandishi kamtundikia binti kitambaa kama kibao kilichoandikwa "hapa pana utumwa," basi, kazi imekwisha.

Angeuliza kimetoka wapi, angekutana na hadithi kubwa kuliko yake. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Lancaster, Pennsylvania, walifika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934. Wanawake wao walivaa kofia nyeupe ya wavu; wanaume, koti lisilo na kola ya kukunja, bila tai. Ndivyo walivyojitenga na ulimwengu. Lakini waasisi wa imani hiyo, waliobatizana upya kule Zurich mwaka 1525, hawakuwa na sare. Koti lile lilikuja kukazwa kuwa sheria huko Marekani, karne ya 19 na ya 20, na huko huko Lancaster wengi wameshaliacha. Sasa mfikirie bibi mmoja wa Shirati, kitambaa kichwani, anampokea mgeni ambaye ni mjukuu wa mmisionari. Mgeni kaja kichwa wazi. Wataanzaje mazungumzo? Hapo ndipo mimi ningevuta kiti.

Na hili la kusuka. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unaitaja misuko pamoja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Mimi naisoma kama lawama ya anasa. Kwetu kusuka ni kukaa mkekani Jumamosi, shangazi kakubana kichwa katikati ya magoti, gharama yake labda soda. Mzee wa kanisa akiligundua hilo katikati ya mahubiri, afanyeje? Mwandishi hakumpa sentensi hata moja ya kufikiri. Kampa fimbo tu.

Halafu, kwani ni mzee peke yake anayekagua nguo nchi hii? Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Na Juni 2021, hapa hapa mjini, Spika alimtoa mbunge mwanamke ukumbini kwa sababu ya suruali. Binti wetu akishuka Dar, nani kamwambia huko hakuna wakaguzi?

Ndugu mwandishi, ichukue hadithi yako uendelee nayo. Basi limeondoka, sawa. Mimi bado nimesimama pale Makole, nataka kujua kitambaa kile nani alikiokota.