Pembe au Ncha?

Istilahi “nyota ya pembe sita” yafaa iangaliwe upya. Pembetatu pacha mbili zikipandanishwa, moja ikiwa imepinduliwa, hutoa nyota yenye ncha 6. Lakini mzingo wake una pembe 12: 6 zimechomoza nje, 6 zimeingia ndani. Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa umbo la pembe 6 ndilo pembesita, akiambiwa ahesabu pembetatu, achore lipi? Katika nyota atapata 8: ndogo 6 na kubwa 2. Katika pembesita sawa, akiunganisha pembe zinazokabiliana, atapata 6 tu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Lenye kosa ni neno. Twapendekeza “nyota ya ncha sita”, na “pembe” iachiwe pembesita.