Chanda Kisichovikwa Pete: Ghulam Mohammed na Nyimbo za Pakeezah

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Msemo huu ni mtamu masikioni, ila tarehe ya sanaa haikuufuata kila mara. Ghulam Mohammed, mtunzi wa muziki wa filamu za Kihindi, alifariki dunia Machi 1968 pasina kuiona filamu iliyobeba kazi yake bora. Filamu hiyo, Pakeezah ya mwongozaji Kamal Amrohi, ilitoka Februari 1972. Nyimbo zake zilienea. Jina lake halikuenea. Hata huku kwetu, ambako mahadhi ya Kihindi yamekuwa kama chumvi ya taarabu, ukiuliza ni nani aliyezitunga utatajiwa Lata Mangeshkar aliyeziimba, au Meena Kumari aliyeziigiza. Mtunzi hatajwi.

Mimi nilizisikia kwanza nikiwa mtoto hapa Bumbuli, katika kaseti iliyopandishwa na mjomba wangu kutoka Tanga. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na sauti ile ikatujia kama ya mtu anayetembea ndani yake. Sikujua neno hata moja. Miaka mingi baadaye, herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni zilinifungulia mlango wa kujisomea Kiurdu kidogo kidogo, bila mwalimu. Ndipo nilipoanza kuelewa ni nini hasa kilichokuwa kimenishika.

Ghulam Mohammed alizaliwa Bikaner, Rajasthan, akakulia katika ngoma: tabla na dholak. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa Naushad, mtunzi aliyekuwa na jina kubwa. Mwaka 1954 alitunga muziki wa filamu Mirza Ghalib, akazitia lahani ghazali za mshairi huyo wa Delhi, zikaimbwa na Suraiya na Talat Mahmood. Filamu ile ilipata medali ya dhahabu ya Rais wa India. Kumtilia Ghalib lahani si kazi ndogo, kwani mashairi yake yanajitosheleza, na mahadhi yenye makeke huyaharibu. Mpiga ngoma huyu alijua kunyamaza mshairi anaposema.

Adabu hiyohiyo ndiyo iliyozaa "Chalte Chalte", wimbo wa Pakeezah wenye maneno ya Kaifi Azmi. Mwimbaji wa majumba ya starehe anamkumbuka mtu asiyemjua, aliyemwachia barua ndani ya gari moshi alipokuwa amelala. Maana ya jina la wimbo ni kutembea, na tabla inakwenda kwa hatua za mtu atembeaye, si za mchezaji. Mwishoni hakuna kishindo. Yanasikika mbali majonzi ya honi ya gari moshi, na wimbo unaiachia honi imalizie.

Nataka wapenzi wa ushairi walitazame jambo moja. Ukiupima mshororo mkuu wa wimbo huu kwa aruzi, utapata mizani 16, na pumziko baada ya 8. Hii ndiyo mizani ya shairi letu! Zaidi ya hayo, maneno yanayofunga vina ni ya silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza, sawa na pole pole yetu. Nilipogundua hayo nilifurahi kupita kiasi, nikadhani tafsiri imekwisha kabla haijaanza. Nikaketi, nikaandika mishororo ya 8 kwa 8, vina vimetimia, mizani haina upungufu. Kisha nikajaribu kuiimba.

Ikachechemea. Neno langu la kwanza lilikuwa "nalikutana". Katika Kiswahili mkazo uko kwenye "ta", lakini silabi ya nne katika aruzi ile ni fupi, na ya tatu ni ndefu. Kwa hiyo wimbo uliivuta "ku" isiyo na kosa lolote, ukaipita "ta" mbiombio. Hesabu ilikuwa sahihi, na Kiswahili kilikuwa kimevunjwa mguu. Hapo ndipo nilipomjua Ghulam Mohammed. Sikio langu lilikuwa likihesabu. Lake lilikuwa likipima uzito. Kila silabi ndefu ya Kaifi Azmi ameipa nafasi yake, na kila fupi ameiacha iwe fupi, hata msikilizaji haoni kuwa kuna aliyefanya kazi.

Mkosoaji mwadilifu hana budi kusema na upande wa pili. Si kila kinachosikika katika Pakeezah ni chake: baada ya kifo chake, Naushad ndiye aliyeikamilisha kazi, ikiwemo sauti ya nyuma ya maigizo. Wala hakuwa mvumbuzi wa njia mpya. Filamu ilipotoka, mitindo ilikuwa imekwisha kugeukia magitaa, na nyimbo zake zilikuwa za zama zilizopita. Hata hivyo watu walizipenda. Katika tuzo za Filmfare kwa filamu za 1972, pete ya muziki walivikwa Shankar na Jaikishan kwa filamu Be-Imaan. Mwigizaji Pran, aliyeshinda kwa filamu hiyohiyo, aliikataa tuzo yake mwenyewe, akisema kuwa ya muziki ilimstahiki Ghulam Mohammed.

Sisi wa pwani tuna deni hapa. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alilaumiwa na baadhi ya watu kwa kuimba kwa mahadhi ya Kihindi. Nami zamani niliwaunga mkono walaumu. Leo, baada ya kushindwa na neno moja, natubu. Kuyaketisha maneno ya Kiswahili, kama yale aliyoandikiwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, juu ya lahani ya ugenini bila kuyavunja mguu ni utunzi kamili. Lakini lahani nayo ina mwenyewe. Mfasiri anajua uchungu wa kazi kusomwa na jina kusahauliwa. Basi tusiwatendee wengine hivyo. Mwimbaji atakapokopa mahadhi, na aseme kabla ya kuanza: haya ni ya fulani. Kumtaja hakutamrudishia Ghulam Mohammed pete yake, ila kutatuondolea sisi aibu ya kuvaa ya mwenzetu.

Tafsiri yangu ingali mezani. Neno "nalikutana" nimelifuta, na mahali pake bado ni patupu.