Mjomba au Baba Mdogo? Filamu za Katuni na za Vitabu Mbele ya Hadhira ya Ngerengere

Uhakiki wa filamu zinazotokana na vitabu, kama tunavyoufanya hapa chuoni, umejengwa juu ya swali moja: je, filamu imekifuata kitabu au imekisaliti? Tunashika kitabu mkono wa kulia na filamu mkono wa kushoto, tunahesabu yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha tunatoa hukumu. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Liko swali jingine ambalo hadhira ya mtaani huliuliza mapema zaidi, tena bila kumtaja mwananadharia yeyote: hawa wahusika ni nani kwa nani? Nani ndugu ya nani, na ndugu huyo ana haki gani? Jibu la swali hilo hugeuza dhamira nzima ya kazi ya sanaa, hata pale ambapo hakuna tukio hata moja lililobadilishwa.

Msingi wa maoni yangu ni filamu tatu nilizozitazama likizo iliyopita: The Lion King ya mwaka 1994, Mufasa: The Lion King ya mwaka 2024, na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji iliyotoka mwaka 2021. Ya kwanza niliitazama Ngerengere, kwetu, katika banda la video karibu na reli ya zamani. Wasioijua Ngerengere wajue kwamba ni kituo kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme nayo inasimama huko. Waluguru, Wakutu, Wakwere na Wazigua wanaishi pamoja, na wageni wengi tu. Bandani muvi haitazamwi kwa Kiingereza. Inatazamwa ile "iliyotafsiriwa", yaani ambayo mtafsiri ameingiza sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akawa anasimulia, anaeleza, anatania na kuwasema wahusika wote peke yake.

Tuanze na hiyo. Kisa cha The Lion King wengi wetu tunakifahamu. Mufasa ni mfalme, Simba ni mwanawe, na Scar ni mdogo wake Mufasa. Scar anamuua kaka yake katika mbio za nyumbu, anamtwisha mtoto hatia ya kifo kile, mtoto anakimbia, anakua ugenini pamoja na Timon na Pumbaa, kisha anarudi kudai kiti cha baba yake. Watengenezaji wenyewe hawakuficha kwamba mifupa ya kisa hiki wameichukua kwa Shakespeare katika Hamlet. Kwa hiyo hata katuni hii ni filamu ya kitabu kwa namna yake.

Sasa, kwa Kiingereza Simba anamwita Scar "anko". Mtafsiri wetu, bila kusita, akasema "mjomba". Hapo hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mjukuu wake akapaza sauti: "Mjomba wa wapi? Si mdogo wake baba huyo? Huyo ni baba mdogo!" Banda likacheka. Mtafsiri, kwa kuwa sauti yake ilikwisha kurekodiwa, hakuweza kujibu, akaendelea na mjomba wake hadi mwisho. Lakini kuanzia dakika ile watu walianza kubishana, na ubishi wenyewe ndio ulionifanya niandike makala haya.

Ndugu msomaji, usilione jambo hili kuwa kosa dogo la msamiati. Kwa Kiingereza neno moja linabeba watu wawili ambao sisi hatuwachanganyi hata kidogo. Mjomba ni kaka au mdogo wa mama. Baba mdogo ni mdogo wa baba. Kwa watu wa pwani na wa Morogoro wawili hao hawana kazi moja, hawana haki moja, wala hawaogopwi kwa namna moja. Mwaka 1967 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliandika kitabu kizima juu ya jamii za mashariki ya Tanzania zinazofuata ukoo wa upande wa mama, na ndani yake wamo Waluguru, Wakutu, Wakwere na Wazigua, yaani karibu banda zima lile. Katika mila hizo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mrithi wa mtu ni ndugu yake wa tumbo moja, au mtoto wa dada yake. Mtoto wake wa kumzaa ana ukoo mwingine.

Hebu tuiweke The Lion King katika mizani hiyo tuone inakuwaje. Kwanza, Simba hana haki ya kurithi kiti cha Mufasa! Yeye ni wa ukoo wa Sarabi, mama yake. Pili, mwenye haki ya kwanza ni Scar mwenyewe, ikiwa yeye na Mufasa walinyonya ziwa moja. Scar wa Hollywood anaua kwa sababu kuzaliwa kwa Simba kumemfungia mlango. Scar wa Ngerengere anaua ilhali mlango uko wazi, alichotakiwa ni kungoja tu. Kosa linabadilika sura. Katika filamu ya Kimarekani dhambi yake ni wivu wa aliyenyimwa, na kwa mila ya kwetu dhambi yake ni pupa ya mtu ambaye angepewa. Mzee mmoja pale bandani alilisema hilo vizuri kuliko ninavyoliandika: huyu bwana ameiba mali yake mwenyewe.

Na kama tukimwachia mtafsiri "mjomba" wake, mambo yanakuwa mazito zaidi. Mjomba anayemfukuza mpwa wake porini ili afe anamfukuza mrithi wake, anayekuja kulibeba jina lake. Ni sawa na mtu kukata tawi alilokalia. Kwa hiyo neno moja la mtafsiri limetupa tamthilia tatu tofauti: ya mwenye wivu, ya mwenye pupa, na ya mwendawazimu. Picha ni zilezile na nyimbo ni zilezile. Mhakiki anayehesabu matukio yaliyoachwa na yaliyoongezwa hapa ataandika "hakuna mabadiliko".

Natambua kwamba atatokea msomaji wa kuniambia: wewe bwana, simba wa katuni na mila za Waluguru wapi na wapi? Hadhira haina haki ya kuiingizia kazi ya watu mambo yake. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba jambo hili si geni katika taaluma. Mwaka 1966 Laura Bohannan alichapisha insha juu ya siku alipowasimulia wazee wa Kitivi huko Nigeria kisa cha Hamlet. Alidhani kisa kile kina maana moja duniani kote. Wazee wakamwambia kwamba Claudius alifanya vyema kumwoa mjane wa kaka yake, na wakaendelea kumsahihisha mpaka mwisho. Walichokuwa wakifanya wazee wale ni uhakiki, tofauti tu ni kwamba hawakupewa nafasi ya kuuandika.

Jibu la pili nalipenda zaidi, kwa sababu linatoka kwa simba mwenyewe. Watafiti waliowafuatilia simba wa Serengeti, kuanzia George Schaller miaka ya 1960, wameonyesha kwamba kundi la simba ni kundi la majike walio ndugu: mama, mabinti, dada na mashangazi wa upande wa mama. Majike wengi hubaki katika eneo walilozaliwa. Madume wakifika umri wa miaka miwili au mitatu hivi huondoka kwenda kutafuta makundi mengine, na hakuna dume anayerithi kundi la baba yake. Kumbe katika ubishi ule simba wa Mikumi wako upande wa yule mama wa nyuma. Waliobadilisha mambo ni Hollywood, waliomvisha mnyama huyu taji la wafalme wa Ulaya na kutuambia kwamba hiyo ndiyo "duara ya maisha" ya Afrika. Tunapolalamika kwamba filamu za nje zinatupotosha, mara nyingi tunalalamikia mavazi na ngoma. Hapa upotoshaji umo katika mirathi, na karibu hatukuuona.

Kuhusu majina sitakaa sana, maana yamesemwa mno. Rafiki ni rafiki, Pumbaa amepumbaa, Shenzi mnamjua, na Sarabi ni mazigazi. Maneno yetu yamechukuliwa kama shanga za kupambia shingo, na filamu yenyewe ikatiwa sauti ya Kizulu. Bandani jina la Simba lina kazi ya ziada: washabiki wa Yanga walimshangilia Scar kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hilo nalo nawaachia wananadharia wa upokeaji.

Mufasa ya mwaka 2024 niliitazama chuoni, kwenye kompyuta, bila mtafsiri. Kwa ufundi inapendeza, kila unywele wa simba unaonekana, ila kwa maoni yangu nyimbo zake hazishiki kama za 1994. Lililonivutia ni kwamba filamu hii inavunja msingi wa ile ya kwanza. Tunaambiwa sasa kwamba Mufasa hakuwa na damu ya kifalme. Alikuwa mtoto aliyepotezwa na mafuriko, na aliyemlea ni Eshe, mama yake Taka, akiwa miongoni mwa majike. Taka, ambaye baadaye ndiye Scar, ndiye aliyekuwa mwana wa mfalme. Kwa maneno mengine, huyu Scar tuliyembishania si baba mdogo wa damu wala si mjomba. Undugu wao ni wa kulelewa na mwanamke mmoja. Miaka thelathini baadaye filamu imesogea kuelekea kwa mama, sijui kama waliotengeneza walitambua. Hata hivyo inaogopa kufika mwisho wa njia. Eshe anamfundisha Mufasa karibu kila anachokijua, kisha hadithi inamwacha nyuma na kurudi kwenye vita vya madume. Na nchi ya ahadi wameiita Milele, neno ambalo kwetu ni la wakati. Mtu hawezi kufunga safari kwenda Milele ila amekufa.

Hapo ndipo ninapomleta Shafi Adam Shafi. Vuta N'kuvute, riwaya ya mwaka 1999 ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na cha sita, haina uhusiano wowote na katuni, lakini swali lake ni lile lile: ndugu yangu ni nani? Yasmini, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima. Anapoikimbia ndoa ile jamaa zake wa damu wanamtenga. Anayempokea ni Mwajuma, Ng'ambo, katika nyumba ya watu maskini. Kwa Mwajuma ndipo anapokutana na Denge na harakati za kupinga ukoloni. Mimi naisoma riwaya ile, kabla ya mapenzi na siasa, kama riwaya ya udugu wa kuchagua. Siasa za Denge zinapata mahali pa kukaa kwa sababu Mwajuma alikwisha kufungua mlango.

Filamu ya Shivji ni nzuri, na heshima yake anastahili. Ilichaguliwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, inazungumza Kiswahili bila kuomba radhi, na inauangalia mji wa Unguja kwa utulivu. Lakini katika muda wa saa moja na nusu hivi imebidi ichague, na imechagua Yasmini na Denge. Mapenzi yamepewa mwanga, na udugu wa Ng'ambo umesogezwa pembeni. Wenzangu wengi wanailaumu kwa kuacha visa vingi. Mimi siilaumu kwa hilo, maana filamu yoyote ingeacha. Nailaumu kwa sababu imejibu swali la "nani kwa nani" kwa wapenzi wawili, ilhali kitabu kilijibu kwa nyumba nzima. Nawakumbusha pia wanaoimba hakuna matata kwamba katika riwaya ya Shafi matata yapo, tena yamevaa sare: Koplo Matata, anayemsaka Denge kwa amri ya Inspekta Wright.

Sidai kwamba kila mtu Ngerengere leo anaishi kwa mila ya mjomba. Dini, sheria za serikali, mishahara na kuhamahama vimechanganya mambo, na wapo kina baba wengi wanaowaandikia watoto wao viwanja. Lakini mizani ya zamani haijatupwa. Watu wakitazama kisa cha mirathi wanaitoa.

Kwa kumalizia natoa rai moja. Tunafundishwa kumheshimu Mwalimu Nyerere kama mfasiri kwa sababu mwaka 1969 alipomfasiri Shakespeare aliandika Mabepari wa Venisi, wala hakuandika wafanyabiashara, na neno lile moja likawa uhakiki wa mchezo mzima. Basi watafsiri wa mabanda ya video nao wanafanya maamuzi ya namna hiyo kila wiki, mengine mazuri, mengine ya ovyo, mbele ya hadhira kubwa kuliko ya vitabu vyetu vyote. Idara inakusanya ngano za bibi zetu, na ni sawa. Ikusanye na kanda hizi, pamoja na kelele za watazamaji, kabla hazijafutwa kwenye flashi. Wanaoona kwamba hiyo si fasihi waniandikie hapa hapa katika toleo lijalo. Ila waanze kwa kunijibu: Scar ni mjomba, au baba mdogo?