Orodha Inayosomwa na Majirani

Wahakiki wetu wamezoea shairi, riwaya na tamthilia. Orodha wanawaachia makarani. Nadhani tunapoteza kitu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tanzania lilipokamilishwa mwaka 2025 lilikuwa na watu 37,655,559, na sijui matini nyingine ya nchi hii yenye wahusika wengi kiasi hicho. Halina kitenzi. Jina, jinsi, kituo. Jina, jinsi, kituo. Lakini kila mstari wake una madai: mtu huyu yu hai, ni wa hapa, ametimiza miaka 18. Karatasi yenyewe haithibitishi hata moja kati ya hayo. Anayeweza kuyakubali au kuyakanusha ni msomaji anayemfahamu mwenye jina. Kwa hiyo nani anaruhusiwa kuisoma orodha, na anaisoma akiwa wapi, ni swali la umbo lake kabla halijawa swali la sheria.

Oktoba 2024 Watanzania walikuwa na orodha mbili kwa wakati mmoja, na wengi walizichanganya. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa ikizunguka mikoani na mashine za BVR kuboresha Daftari, kazi iliyoanzia Kigoma mwezi Julai. Huku TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, ikiandikisha watu kwa siku 10, kuanzia tarehe 11 hadi 20, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Ile ya kwanza inachukua picha na alama za vidole, kisha inakupa kadi. Hii ya pili ilikuwa kalamu, meza na karani wa mtaa, na ulirudi nyumbani mikono mitupu.

Ukiipima kwa teknolojia, orodha ya kalamu ni duni. Ukiisoma kama matini, ina mambo ambayo mashine imeyafuta. Kwanza mpangilio: majina yanafuatana kama watu walivyofika. Mama na bintiye waliokwenda pamoja wanabaki pamoja, fundi cherehani anamfuata jirani yake wa kibanda, na anayekumbuka asubuhi ile anaweza kuisoma foleni upya. Alfabeti inavunja haya yote. Inamsaidia karani anayekutafuta wewe mmoja, haimsaidii mtu anayetaka kujua kama mtaa wake umeandikwa ulivyo. Kisha kuna mwandiko. Majina yakipangika ukurasa mzima bila mkono kuchoka hata kidogo, msomaji makini hujiuliza.

Na watu walijiuliza. Orodha zilipobandikwa, vyama vya upinzani vililalamika kwamba zina wanafunzi wasiofikia umri na watu wasiojulikana mitaani humo. Uhakiki wa umbo hauwezi kuamua nani alisema kweli katika kila mtaa. Unachoweza kuonyesha ni jinsi lalamiko lenyewe lilivyowezekana: mtu alisimama mbele ya ubao akasoma jina lisilo lake. Hakuwa ametumwa na mtu, wala hakuombwa namba ya siri. Alisoma la juu, akasoma la chini, akasema huyu simjui.

Sasa linganisha na msomaji anayeitwa na matangazo ya uchaguzi ya siku hizi, Dar es Salaam kama Nairobi. Yameandikwa kwa nafsi ya pili umoja: kagua taarifa zako, hakiki jina lako. Kenya hilo limefika mbali zaidi. Unatuma namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, na simu inakujibu kwa mstari mmoja, wako. Ni huduma nzuri kwa aliye mbali na kituo chake, sitaibeza. Lakini orodha ni matini inayosomwa kwa kulinganisha. Ukimpa kila msomaji mstari wake peke yake, unakuwa umempelekea barua. Ataridhika kwamba yumo, naye marehemu wa nyumba ya pili atabaki humo miaka kumi, kwa sababu marehemu hatumi ujumbe kwenda 70000.

Ajabu ni kwamba sheria ya Kenya ilibuni umbo jingine. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 haisemi daftari ni rundo moja la majina. Inalijenga kwa tabaka: daftari la kituo, la wadi, la eneo bunge, la kaunti, na la walio nje ya nchi. Kubwa linatokana na madogo. Na kwa kuwa mwaka 2017 na 2022 kikomo cha kituo kilikuwa wapiga kura 700, tabaka la chini kabisa lilikuwa na urefu ambao mtu mmoja anaweza kuumaliza akiwa amesimama, kwa muda usiofika saa moja. Huo ndio ukubwa wa ukurasa unaomfaa jirani.

Badala yake kazi ya kusoma yote ilipewa msomaji mmoja wa kukodiwa. Wakaguzi wa kampuni ya KPMG walipokagua daftari la Kenya mwaka 2022 walitaja marehemu 246,465 kati ya watu zaidi ya milioni 22. Tarakimu hiyo ina thamani yake. Tume ya Kriegler ya 2008, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya, ilikuwa imebaki kukadiria tu, ikasema milioni 1.2. Hata hivyo jumla ni umbo lisilo na majina. Mwanakijiji hawezi kulipinga wala kuliongezea, maana hajui kama babu yake amehesabiwa.

Hoja ya faragha dhidi ya kubandika majina inastahili jibu zito, ingawa nasita kidogo ninapoisikia Nairobi, mji ambao askari wa getini anaandika namba yako ya kitambulisho na ya simu kwenye kitabu kilicho wazi kwa kila mgeni anayefuata. Namba, tarehe ya kuzaliwa na picha havina kazi ukutani. Jina na jinsi vinatosha kwa jirani, ndivyo anavyokujua. Anayebaki ni mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji, ambaye jina lake tu ubaoni linatosha kumwonyesha njia.

Waingereza wamelitatua hilo kwa umbo. Daftari lao kamili linakaguliwa chini ya usimamizi, na msomaji anaruhusiwa kunakili kwa mkono tu, fotokopi hapati. Sheria imepunguza kasi ya msomaji bila kumfukuza. Naye aliye hatarini, akikubaliwa, haandikwi jina wala anwani. Mstari wake una namba ya mpiga kura na herufi N, basi. Mtesi akipita hapati kitu, na anayehesabu mistari apate jumla ya kituo bado anauhesabu.