Vazi la Portia

Msomaji, macho ni shahidi mwepesi wa kusema, lakini si hakimu wa kutegemewa. Mvulana mwenye sauti nyororo na mwendo wa taratibu huitwa msichana na wenzake. Msichana mwenye mabega mapana, apendaye mpira kuliko vikuku, huitwa jikedume. Majina haya hutolewa kwa kicheko, na aitwaye hulala nayo usiku kucha. Natulipime jambo hili kwa kitabu ambacho pengine umekisoma: Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotiwa katika Kiswahili na Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969.

Wasichana watatu katika tamthilia hii huvaa mavazi ya kiume. Jessica, binti Shylock, hujigeuza kijana ili atoroke usiku nyumbani kwa baba yake, na huona haya mchumba wake amtazamapo. Portia huingia mahakamani katika joho la mwanasheria, na Nerissa humfuata kama karani wake. Kabla ya safari, Portia hufanya mzaha: atapanua hatua, atakwaruza sauti kama mvulana anayebalehe, na atajigamba kwa ugomvi na mapenzi asiyoyajua. Itazame maana ya mzaha huo. Mambo ambayo wengi huyadhani kuwa ndiyo uanaume, msichana ameweza kujifunza kabla ya jua kuchwa. Wala si joho lililomwokoa Antonio asikatwe ratili ya nyama. Ni akili iliyoona kuwa hati ilitaja nyama, haikutaja damu.

Hiyo ndiyo sifa ya tamthilia. Lakini sifa haifuti kasoro, nami naona mbili. Picha ya Portia imefichwa katika kasha la risasi, na wanaochagua dhahabu na fedha hurudi mikono mitupu. Funzo ni kwamba sura ya nje hudanganya. Hata hivyo, Mwanamfalme wa Moroko akosapo kuchagua, Portia hufurahi na kutamani wote wenye rangi kama yake wakose vivyo hivyo. Aliyefichwa ndani ya risasi amemhukumu mwenziwe kwa ngozi! Kasoro ya pili ni kwamba mtawala wa Venisi humsifu mwanasheria yule kijana, wala haambiwi kamwe kuwa ni mwanamke. Haki imepatikana, ila mlango haukufunguliwa. Msichana mwingine atakayekuja na akili kama ile itambidi naye ajifiche.

Wewe usomaye Maseno, au popote kandokando ya ziwa, usidhani kuwa mambo haya ni ya Venisi peke yake. Zamani, watoto wa Kijaluo, wavulana kwa wasichana, waling'olewa meno sita ya chini. Alama ya kukua ilikuwa moja kwa wote. Oginga Odinga, aliyesoma Maseno na baadaye kufundisha huko, alijulikana kwa kofia yake ya shanga. Shanga ambazo wengine huzihesabu kuwa pambo la wanawake zilikaa juu ya kichwa cha makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, wala hazikumpunguzia heshima. Leo shule nyingi nchini huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi kama za wavulana. Yawaje basi nywele zile zile ziwe nidhamu darasani na kichekesho njiani? Jambo ligeukalo kwa mahali na wakati haliwezi kuwa kipimo cha utu wa mtoto.

Jambo moja zaidi ulikumbuke. Wakati wa Shakespeare wanawake hawakuigiza katika majumba ya michezo ya Uingereza. Portia alichezwa na mvulana. Mvulana yule alivaa kama msichana, kisha msichana yule akavaa kama mwanamume, na maneno yake juu ya rehema yamedumu zaidi ya miaka 400. Basi siku mwalimu atakapompa sehemu ya Portia mwenzako mwenye sauti nyororo, usicheke. Na kengele ikilia, mkitoka uwanjani, usimbandike jina jingine. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, msikilize asemayo, kisha ndipo umpime.