Noti, mikeke na matabishi

Mhudumu wa hoteli ya Uvira hufunzwa noti kabla ya kufunzwa tabasamu. Aliyevuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura huja na faranga za Burundi, mwenyeji hulipa kwa faranga za Kongo, mtu wa mashirika hutoa dola. Anayeanza kazi husimama pembeni ya mkongwe akijifunza kuikagua dola hiyo, kwani ikichanika hata kidogo, sokoni hakuna wa kuipokea. Halafu lugha: Kiswahili, Kifaransa na Kirundi kwenye meza moja. Jikoni, mama mpishi hufundisha kwa jicho tu: samaki wa mikeke hawageuzwigeuzwi kikaangoni. Vyeti? Thubutu!

Nawavulia kofia wafanyakazi hawa. Ila malipo yananikera. Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inawahusu nao, lakini matabishi, yaani bakshishi, hugeuzwa kuwa mshahara, wakati ni hisani ya mteja tu. Kwa hiyo pongezi zangu nyingine ni za patroni anayelipa kwa tarehe ileile kila mwezi, na ambaye, baada ya mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, aliwaita watu wake walewale kufungua tena.