Sayansi, Dini na Siasa katika Nyumba ya Myombekere

Kitabu kikubwa hujulikana kwa maswali yanayobaki moyoni mwa msomaji baada ya kurasa zake kufungwa. Kwa kipimo hicho, riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ni kitabu kikubwa, ijapokuwa wanaokisifu ni wengi kuliko wanaokisoma. Aghalabu huitwa hazina ya mila za Wakerewe. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Niisomapo hapa Sengerema, ng'ambo ya maji kutoka Ukerewe, naona kuwa inatupa mizani ya kupimia mambo matatu ambayo kila moja hudai kumwongoza mwanadamu: sayansi, dini na siasa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Myombekere na Bugonoka wamekosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakataa shauri la kumwacha. Anakwenda ukweni kuomba radhi, na anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Kisha tiba inatafutwa kwa mganga Kibuguma, na baada ya dawa na subira nyingi wanapata Ntulanalwo, halafu Bulihwali.

Tuangalie kwanza uganga unavyosimuliwa. Mwandishi haufanyi muujiza wala mzaha. Dawa hutafutwa, hutayarishwa, hunywewa, na matokeo husubiriwa. Kuangalia, kujaribu na kungoja ndio mwanzo wa sayansi popote duniani. Mwanzo huo haukufika mbali, kwa kuwa haukuwa na maandishi wala vipimo vya kusahihisha makosa yake. Lakini mwenye kuudharau hudharau mlango alioingilia yeye mwenyewe.

Pili ni dini. Kitereza alikuwa Mkatoliki, aliyesomeshwa na wamisionari hata akajua Kilatini. Alipomaliza kitabu chake mwaka 1945 angeweza kukigeuza mahubiri, akawacheka wazee wake kwa tambiko zao. Hakufanya hivyo. Imani yake haikuwa na haja ya kudhalilisha imani ya waliomtangulia, na huo ni ushahidi wa nguvu yake.

Siasa ndiyo iliyo dhaifu katika riwaya hii, na haki ya uhakiki inatulazimu kusema hivyo. Mtawala husikika kwa mbali kama ngurumo ya ziwani, wala hahojiwi. Amani ya ile nyumba ya Kikerewe yaonekana timilifu kupita kiasi. Lakini siasa ambayo mwandishi aliiacha nje ya kitabu ilikishika kitabu chenyewe. Kiliandikwa kwa Kikerewe, lugha ambayo wachapaji hawakuipa nafasi. Kikangoja miaka 35, hata tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Uwezo wa kuamua nani asomwe na nani angoje ni utawala pia.

Mwana mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, amebomolewa paa la zamani na elimu yake, wala hajaezekewa jipya. Mwishowe anajiua. Tukiziweka riwaya hizi mbili pamoja, twaona kuwa elimu isiyo na mahali pa kumkalisha mtu yaweza kuwa upweke. Walakini Kezilahabi amshinda Kitereza kwa jambo moja: mtu wake huuliza bila kuogopa jibu.

Yapo yanayoufanya usomaji huu kuwa zaidi ya starehe. Katika Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na moshi wa jikoni ndio uliowaponza. Tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Sisemi kuwa dunia ya Kitereza ilikuwa haijui hofu ya uchawi. Nasema kwamba Kibuguma anaulizwa jinsi ya kuutibu mwili, na mpiga ramli chonganishi anaulizwa nani auawe. Sheria ya uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na mwaka 2015 serikali iliwapiga marufuku waganga wa namna hiyo. Amri ni ya lazima, lakini amri haimfundishi mtu kuuliza swali lililo jema.

Hospitali yetu teule hapa Sengerema ilianzishwa na Kanisa, yatibu kwa sayansi, na kwa makubaliano na serikali yawahudumia watu wa wilaya nzima. Wale watatu wanaosemwa kuwa mahasimu hukutana kitandani pa mgonjwa mmoja, na hapo kila mmoja hupimwa kwa jambo lile lile: je, mgonjwa ameinuka? Myombekere aliijua mizani hiyo. Alipokataa kumwacha mkewe, aliwapinga ndugu kabla ya kuijua dawa. Huruma ilitangulia, na elimu ikaja kuitumikia. Kwa sababu hiyo natamani riwaya hii itoke katika rafu za hazina, iingie mikononi mwa vijana, wabishane nayo.